Vyombo vya kauri vya Marekani vya katikati ya karne ya 20: je, kisicho na alama hakina thamani?

MwanafunziWaKauri
Ndugu zangu, salaam. Nimeanza kukusanya vyombo vya kauri vilivyotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1940 na 1960. Ninalo jagi la kijivu lenye mdomo uliorefuka kwenda juu, na chini yake limegandamizwa jina la mbunifu Russel Wright. Ninavyo pia vichupa viwili, cha chumvi na cha pilipili, kikubwa kimejipinda kana kwamba kinakikumbatia kidogo, lakini chini havina neno lolote. Aliyeniuzia aliniambia nivihesabu kama nyongeza tu, kwa kuwa kisicho na alama hakina thamani. Je, ni kweli kwamba alama ndiyo inayokata shauri?

FundiTanuri
Si kweli, ndugu yangu. Maelezo yako ya vichupa yanalingana na seti ya Town and Country, ambayo mbunifu Eva Zeisel aliibunia kiwanda cha Red Wing cha Minnesota na ikaingia sokoni mwaka 1947. Vyombo vyake kwa kawaida vilitoka kiwandani bila alama. Zeisel alizaliwa Budapest mwaka 1906, akafanya kazi Ujerumani na Umoja wa Kisovyeti, ambako alifungwa kwa takriban miezi 16 kuanzia mwaka 1936, kisha akafika Marekani mwaka 1938. Mwaka 1946 jumba la Museum of Modern Art la New York lilionyesha seti yake nyeupe iliyotengenezwa na kampuni ya Castleton. Aliviona vyombo vya seti moja kama jamaa wa ukoo mmoja, na mimi sijaona mahali ambapo wazo hilo linasomeka wazi kuliko katika vichupa hivyo viwili.

Jihadhari na jambo moja tu: vichupa hivyo vilitolewa upya miaka mingi baadaye, na nakala hizo mara nyingi ndizo zenye alama. Kwa hiyo hapa alama inaweza kuwa dalili ya upya.

BintiMfinyanzi
Naunga mkono, ila naomba tusilisahau jagi, maana alama yake isikufanye uache kulikagua. Linaelekea kuwa la seti ya Wright iitwayo American Modern, iliyotengenezwa na kiwanda cha Steubenville, Ohio, kuanzia mwaka 1939 hadi 1959, kwa udongo usio mgumu sana, na ndiyo maana kingo zake humeguka kwa urahisi. Wright mwenyewe baadaye alibuni seti ya kauri ngumu zaidi kwa kampuni ya Iroquois, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946. Pitisha ncha ya kidole polepole kwenye mdomo wa jagi na kwenye mkono wake: tabaka la kioo la asili ni baridi na telezi, bali rangi ya ukarabati huhisi kama plastiki na haiakisi mwanga sawasawa. Mimi huligeuza jagi karibu na dirisha, kwa sababu taa ya dari huficha mengi.

MlinziWaRafu
Nyongeza fupi kwa anayeanza. Ukikutana na vyombo vyekundu vya zamani vya Fiesta, vya kampuni ya Homer Laughlin, fahamu kwamba rangi yao ilitokana na urani, madini yenye mionzi. Wekundu huo ulisimamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madini hayo yalipohitajika na serikali, ukarudi mwaka 1959. Viweke kabatini, usivilie chakula.

MwanafunziWaKauri
Nawashukuru sana. Nimelikagua jagi dirishani, na kwenye ukingo wa mdomo nimekuta kiraka kidogo kama punje ya mchele, kisichong'aa kama sehemu nyingine. Sikukiona siku ya kununua, kwa sababu nilikwisha kusoma jina na nikaridhika. Vichupa ni safi kabisa, na nimevihamishia rafu ya mbele.