Mrejesho: yule wa ADHD anayeamka kachoka

Wakuu, nina ADHD (ile hali ya ubongo kushindwa kutulia na kukaa makini), niliwauliza mbona nalala masaa ya kutosha ila naamka hoi, alamu nazima hata sikumbuki. Daktari kasema wengi wenye ADHD saa ya mwili inachelewa, melatonini (homoni inayoleta usingizi) inapanda usiku sana, so alamu inakukuta bado katikati ya usingizi, sio uvivu jamani (mwambieni na mama yangu). Akauliza pia kama nakoroma au pumzi inakatika usiku, hapo niko sawa. Siku hizi nikiamka tu natoka juani, jioni taa napunguza mapema na simu inalala chumba kingine maana nikiishika ndo basi tena. Asubuhi bado ngumu ila kichwa kinawaka mapema kidogo. Wikendi ndo shida, nikilala mpaka mchana Jumatatu nakiona cha moto.