Paa la vigae vya lami limeharibika ndani ya miaka 6, na walioezeka wanasingizia jua

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Vigae vya lami vikipigwa ipasavyo hutarajiwa kudumu miaka 15, 20 au zaidi, lakini vyangu vina miaka 6 tu na tayari kingo zimejikunja, vingine vimepeperushwa na upepo, na dari ya chumba cha watoto ina madoa ya maji. Kampuni iliyoezeka ilimtuma mtu ambaye alisimama uani, akatazama juu kwa dakika chache na kutamka kwamba ni jua. Hata ngazi hakuipanda.

Sikatai kwamba jua hula lami. Miale yake huikausha mpaka ikawa ngumu na kupasuka, ndiyo maana kigae hufunikwa kwa punje za mawe za kuikinga. Lakini kama kosa ni la jua, kwa nini upande wenye kivuli ndio ulioharibika zaidi?

Nilimlipa fundi mwingine apande akague, na aliyoyakuta yananiuma hadi leo. Misumari mingi imepigwa juu ya mstari uliowekwa na kiwanda, mstari ambao una kazi yake, kwa sababu msumari ukipita hapo hushika kigae chenyewe pamoja na ukingo wa juu wa kigae cha safu ya chini, na ukipita juu zaidi hushika kimoja tu. Mingine ilizamishwa kwa mashine yenye mgandamizo mkubwa mno hadi vichwa vikatoboa vigae, na msumari wa namna hiyo haushiki kitu. Kigae kinahitaji angalau misumari 4, na 6 penye upepo mkali. Vyangu vina 3, na mahali pengine 2! Tena waliezeka msimu wa baridi, wakati ule utepe wa gundi ulio chini ya kigae haupati joto la kuushikisha, na hawakujishughulisha kuubandika kwa mkono.

Matundu ya hewa ya upenuni nayo waliyaziba. Joto na unyevu vikikosa pa kutokea, vigae huungua kwa chini na mbao zinazovibeba huvimba, na fundi anaamini kwamba kujikunja kwa kingo kumetokana na hilo. Maji ya darini yanaingilia kwenye bomba la moshi, ambako waliacha bati kuukuu la kuziba maungio na kulipaka gundi juu juu. Doa limetokea mbali na tundu kwa sababu maji huteremka kwanza kwenye kenchi, kwa hiyo msidanganywe na mtu anayeziba palipo juu ya doa.

Kinachonichosha kuliko yote ni dhamana. Kiwanda kinasema dhamana yake ni ya kasoro za vigae, si za upigaji. Kampuni nayo inasema vigae ndivyo vibovu. Nimewaandikia barua nikiwataka wapande paani pamoja na fundi wangu, wang'oe safu tatu mbele yangu na kuhesabu misumari. Picha zote ninazo. Aliyewahi kushinda dai la namna hii anieleze alitumia ushahidi gani.