Mrejesho: Mwangwi wa gitaa kwenye STM32F407 sasa unakwenda na mkono

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini sauti ya gitaa la bendi yetu ya Shangani, Mtwara, huchelewa inapopitia kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja, yetu ikiwa STM32F407) kiasi cha kumvuruga mpigaji.

Aliyenishauri nipunguze bafa (sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia sauti kwa muda kabla ya kuchakatwa) alilenga penyewe, na ninamshukuru sana. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 hujaa baada ya milisekunde 21 hivi, na kwa kuwa sauti husubiri bafa moja ijae na nyingine itolewe, ucheleweshaji hukaribia milisekunde 43, ambao mpiga solo huuhisi mara moja. Sampuli 64 huchukua milisekunde 1.3 tu. Sasa DMA, sehemu ya chipu inayohamisha data bila kuisumbua prosesa, hujaza nusu ya bafa wakati prosesa inachakata nusu nyingine, na kwa mwendo wa megahezi 168 kuna mizunguko 3,500 kwa kila sampuli, ambayo imetosha kwa mkwaruzo na mwangwi kwa pamoja. Mwangwi wa nusu sekunde, kwa biti 16, unakula baiti 48,000 za kumbukumbu.

Jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili ni mlango wa kuingilia: pikapu (kinasa mitetemo ya nyuzi za gitaa) inahitaji opampu (kikuza mawimbi) yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 hivi, la sivyo sauti nyembamba hufifia, na kitovu cha mawimbi kiinuliwe hadi volti 1.65 ili ADC, inayogeuza volti kuwa namba, isikate upande wa chini.

Kilichobaki ni mvumo unaosikika ninapotumia chaja ya simu, kwani kwa betri haupo. Nitaweka kichujio cha koili na kapasita kwenye njia ya umeme.