"Kodi yangu haipimwi kwa kibaba": huyu mwenye nyumba amevuka mpaka

Kitasa Kibovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Sina muda wa salamu ndefu, damu inachemka.

Jina simtaji. Mliowahi kupanga kwenye ule ua wenye geti la bluu na tangazo la "HATUPOKEI WAGENI BAADA YA SAA 4" mnamjua, na mkishamjua hamsahau. Ni yule ambaye bomba la bafuni alilitengeneza mara ya mwisho kabla ya uhuru, na jiko lake likivuja masika unaweza kufuga sato humo.

Mkataba wa kupanga unaisha tarehe 30. Nyumba ya kununua imeshapatikana: upekuzi wa hati umefanyika, haina rehani wala zuio, mkataba wa mauziano umesainiwa mbele ya wakili. Kilichobaki ni uhamisho na muuzaji kuondoa mtu wake. Ombi likawa moja, la adabu, lenye shikamoo mbele: tuongezeane miezi miwili, bei ileile, fedha taslimu.

Jibu halikuja faragha. Ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wapangaji wote, watoto wanasikiliza: "Kodi yangu haipimwi kwa kibaba. Lipa miezi sita au niachie funguo zangu."

Kwa KIBABA, jamani! Mtu mzima, mbele ya wapangaji wote!

Hesabu hii hapa. Kodi ni 350,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 2,100,000. Unakaa miwili, minne unamwachia, yaani 1,400,000 imekwenda na maji. Na inakwenda wakati mbaya kuliko wote, maana nyumba ya milioni 85 ushuru wake wa stempu, asilimia 1, ni kama 850,000, na huo anaulipa mnunuzi. Kwa hiyo hiyo 1,400,000 ya kumwachia ingelipa ushuru wote wa stempu na kubakiza 550,000 za wakili.

Na anajua! Ana nyumba tatu, anajua nyumba yenye hati haihami jina kwa siku moja. Taarifa ya uthamini, ridhaa ya mwenza wa muuzaji, kodi ya ongezeko la mtaji (faida ya kuuza) TRA ambayo ni ya muuzaji lakini isipolipwa faili halisogei, kibali cha Kamishna wa Ardhi, ndipo Msajili aandike jina jipya. Ofisi moja ikikwama, zote zimekwama. Nani duniani anaweza kuyapanga haya yaishie tarehe 30 saa sita mchana?

Kibaba. Ujumbe wenyewe una sekunde tisa, na bado upo kwenye kundi.

Mtoto wa Tandika

Mkuu una nyumba ya milioni 85 halafu unalilia kibaba? Sisi wa chumba na sebule tusemeje? Hamisha godoro kwa shemeji yako miezi miwili, makabati weka stoo, yaishe.

Bi Stempu

Pole ndugu yangu, ila bei na muda wa kodi hapa kwetu ni makubaliano. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna pa kumshtaki kwa kudai miezi sita.

Lakini naye hana haki ya kukufungia kufuli tarehe 1. Akitaka utoke na hutoki, njia yake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siyo fundi wa vitasa. Mwandikie barua leo, siyo sauti. Taja tarehe utakayotoka na kodi unayotoa kwa kila mwezi. Kisha lipia mwezi mmoja kwa benki au kwa simu, na kwenye maelezo andika "kodi ya mwezi fulani". Usimpe mkononi. Mkataba ukishaisha naye akaridhia ubaki kwa kodi ya mwezi, mmeingia kwenye upangaji wa mwezi kwa mwezi, na huo unavunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi.

Akikurudishia fedha hapohapo, hapo hujapata kitu. Ndiyo maana nasema andika mapema.

Kitasa Kibovu

Asante dada, barua itaandikwa. Lakini wewe umesikia neno lenyewe? KIBABA! Kwenye kundi! Angesema "haiwezekani" nani angemlaumu?

Mama Kokoto

Tumwache huyo mzee kwanza. Mkataba wako wa mauziano unasemaje kuhusu makabidhiano? Umeandika "muuzaji ataondoa mtu wake". Mtu gani, na kalipia mpaka lini?

Watu wengi wanaumia hapa na hawajui. Unanunua nyumba yenye mpangaji aliyelipa mwaka mzima mbele, kodi muuzaji alishaila. Mpangaji ana mkataba, na mkataba wake haufi kwa sababu nyumba imebadilisha mwenyewe. Unabaki na hati mkononi na huna pa kulala, huku mwenye nyumba wako wa zamani anahesabu miezi yake sita.

Kabla hujatoa awamu ya kwanza, dai nakala ya mkataba wa kila aliyemo ndani. Kama muda wake unapita siku yako ya kuhamia, kuna mambo mawili tu: muuzaji amrudishie kodi ya miezi iliyobaki na asaini kwamba anatoka, au kodi hiyo ikatwe kwenye bei na wewe usubiri. Mkataba uandike "nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu" na tarehe, na kwa kila siku ya kuchelewa muuzaji akatwe kiasi fulani kwenye salio. Salio lenyewe libaki la kueleweka, asilimia 10 mpaka 20, lisitoke mpaka umeshika funguo. Ukishalipa yote, huyo muuzaji hata simu hatapokea.

Na notisi ya kutoka ulipo sasa haitolewi siku ya kusaini mauziano. Inatolewa nyumba mpya ikiwa tupu, au tarehe ikiwa na adhabu juu yake. Mwezi mmoja wa kulipia sehemu mbili ni gharama ya kununua nyumba, uuweke kwenye bajeti tangu mwanzo pamoja na wakili na mthamini.

Mtoto wa Tandika

Mama Kokoto kamaliza. Uzi ufungwe, mwenye kibaba akalale.

Jirani wa Mbagala

Usifungwe! Madalali mbona hawajaguswa? Ukitafuta chumba cha kujishikiza miezi miwili, dalali anadai kodi ya mwezi mzima, sawasawa na aliyemtafutia mtu nyumba ya mwaka. Yaani miezi miwili unalipia mitatu. Na hela ya kukuonyesha vyumba anachukua hata kama vyote vimeshapata watu na yeye anajua. Hawa ndio wezi, siyo huyo mzee.

Kitasa Kibovu

Wezi, sawa. Lakini dalali hajawahi kumtangaza mtu kwenye kundi kwamba kodi haipimwi kwa

Jirani wa Mbagala

Mkuu tumeshaelewa.

Fundi wa Goba

Na viongozi wa mtaa je? Nyumba isiyo na hati mnaenda kuandikiana serikali ya mtaa, wanadai asilimia 10 ya bei eti kwa kushuhudia. Milioni 40 uwape nne kwa ajili ya mhuri? Mwambieni kiongozi huyo aandike risiti ya serikali yenye namba ya malipo muone atakavyoanza kusema "toa chochote". Shuhudisheni kwa wakili, mtaa uthibitishe muuzaji ndiye mkaazi na majirani wa pande nne wasaini mipaka. Majirani wana thamani kuliko mhuri, maana kesi za mipaka zinaletwa na wao.

Bi Stempu

Kweli kabisa. Na hata kwa wakili, mke au mume wa muuzaji asaini. Nyumba ya familia ikiuzwa bila ridhaa ya mwenza, mauziano yanaweza kutenguliwa wakati umeshahamisha mpaka kuku.

Token Imeisha

Hakuna aliyegusa LUKU, umeme wa kulipia kabla, nashangaa. Deni la mita linabaki kwenye mita, halimfuati aliyehama. Kabla ya kutoa salio, nunua umeme wa 5,000 kwenye mita ya nyumba hiyo, usome risiti mstari kwa mstari. Kama kuna deni utaona limekatwa. Maji pia: omba ankara ya mwisho ya DAWASA na siku ya makabidhiano msome mita pamoja, mpige picha tarakimu, wote mkiwepo. Hukohuko unakotoka fanya hivyohivyo, usije ukabambikiwa bili ya atakayekufuata.

Jirani wa Mbagala

Na kodi ya jengo! Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na wapangaji tunaibeba wakati ni kodi ya mwenye jengo. Ilipoanza ilikuwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Nani amewahi kurudishiwa na mwenye nyumba?

Token Imeisha

Dai kabla hujatoka. Risiti zote ziko kwenye simu, jumlisha, ukate kwenye kodi ya mwezi wa mwisho kwa maandishi. Ukishatoka hupati kitu.

Fundi wa Goba

Swali: ua una mita nne, nyumba ni moja, na kila mita inakatwa. Hiyo inakuwaje?

Token Imeisha

Jengo moja linatakiwa kulipa kwa mita moja tu. Mwenye nyumba apeleke namba za mita zote nne kwa wanaosimamia kodi ya jengo, aonyeshe ipi ibaki na kodi, tatu ziondolewe. Kama mwenyewe haendi kwa sababu hela siyo yake, wapangaji wote wanne andikeni barua moja.

Fundi wa Goba

Ana namba ya mita ya kisima pia, ya tano. Nayo ihesabiwe?