FJ40 ikishapata moto haiwaki, isije ikawa ile valvu ya kwenye eksozi?

mchuma_karafuu
Asalam alaykum wajameni. Nna Land Cruiser FJ40 injini ya 2F ya petroli, kaniachia marehemu baba. Asubuhi inawaka bila neno, natoka nayo Wete mpaka Chake na magunia juu, basi nikizima tu nikaenda kusali adhuhuri nikirudi haiwaki ng'o, petroli inanuka mpaka ndani, mpaka ikae kama nusu saa ndo inakubali. Na vilimani haina nguvu kabisa. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, wa pili pampu, wa tatu kanambia niuze 😂. Sasa kuna mtu anasema kuna valvu kwenye menifodi ya eksozi, yale mabomba ya chuma yanayokusanya moshi wa injini, eti inaganda, kweli ipo au ananipiga kamba?

tomondo_boy
Pampu hiyo. Yangu ilikuwa hivo hivo.

spana_kumi
Pampu keshabadilisha yakhe, soma kwanza.
Mchuma karafuu, ipo. Kwenye 2F menifodi ya eksozi imekaa chini ya ile ya kuvutia hewa, na humo ndani kuna kibao kinazunguka na shafti, nje utaona springi ya kujiviringisha na kichuma kizito. Injini ikiwa baridi kibao kinaupeleka moshi wa moto ukapige chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ili petroli iwe mvuke vizuri, ikipata moto springi inalegea kinageuka moshi unakwenda zake. Kikigandia upande wa kupasha ndo hayo yako, kabureta inapikwa kutwa. Zima gari ikiwa ya moto uchungulie kile kidirisha cha kioo cha kabureta, ukiona petroli inatokota humo na injini imezima, basi.
Kesho asubuhi kabla hujawasha kishike kile kichuma kwa mkono ukizungushe. Kizima kinakwenda na springi inakirudisha. Kisipotikisika kimeshikwa na kutu na masizi, na hii hewa yetu ya chumvi ndo kabisa.

mchuma_karafuu
Nimekishika asubuhi hii, kama kimechomelewa vile. Nipige nyundo?

spana_kumi
Taratibu!! Menifodi ni chuma cha kalibu hicho, kinapasuka. Tia mafuta ya kulegeza kutu ncha zote mbili za shafti, kiache kilale, kesho gonga kidogo kidogo ncha hii na hii mpaka ianze kucheza. Usitie oili ya injini, itaungua hapo ibaki masizi mengine. Na usikimbilie kufungua menifodi, zile bolti zinazoziunganisha menifodi mbili zinakatika kama vijiti vya kiberiti.

babu_wa_chasisi
Kikilegea mie ningekifunga waya tu kibaki wazi. Kile ni cha wenye barafu huko, Pemba baridi ya wapi? Ila kabla hujafunga ujue upande, gari ikiwa baridi springi inakivutia kwenye kupasha, kwa hiyo wazi ni ule unaokisukuma ukishindana na springi. Kuna mmoja alifunga kinyume akaja kulia hapa hapa.

mchuma_karafuu
Siku tatu za mafuta na kugonga, kimelegea, nimekifunga waya. Leo nimekwenda Chake nimezima nimesali nimerudi imewaka mara moja, na kilima nimepanda na gia ya tatu. Yule aliyesema niuze alikuwa anaitaka yeye.

tomondo_boy
Hebu nambie na mie hicho kichuma kiko upande gani haswa 🙈