Tupeane uzoefu: waliowahi kufika Ludlow, mji wa ngome na soko

Mzee wa Stesheni
Wakuu, salaam. Sisi tulio huku Uingereza, mgeni akija tunamkimbiza London apige picha na mnara wa saa, basi, kamaliza. Juzi nilikwenda Ludlow, Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Kutoka Birmingham nilibadilisha treni Shrewsbury. Ukishapanda kilima unatokea uwanjani: soko limefurika, na nyuma ya meza za wauza mikate na maua, lango la ngome limesimama hapo hapo. Nilienda kubadilisha hewa tu, nikarudi na treni ya jioni. Aliyefika atupe ya kwake.

Mama Wawili
Mimi nilipeleka watoto siku ya mvua, kosa langu. Ngome yenyewe haina paa, kwa hiyo hata ukiwa ndani unalowa. Mdogo akaniuliza, “Mama, na mfalme naye alikuwa analowa?” Sikuwa na jibu. Kilichowatuliza ni kile kikanisa cha mviringo katikati ya ua. Zimebaki kuta, na mlango wenye nakshi za kupinda kama meno ya msumeno. Walikizunguka wakifukuzana mpaka viatu vikajaa tope.

Mwalimu Mstaafu
Mama Wawili, mwambie mwanao paa lilikuwepo. Ukoo wa de Lacy ulianza kuijenga ngome hiyo mwishoni mwa karne ya 11, Wanormani walipokwisha kuiteka Uingereza, ili kuulinda mpaka na Wales. Baadaye ikawa makao ya Baraza lililosimamia Wales na maeneo ya mpakani. Baraza likavunjwa 1689, nyumba ikakosa mwenyewe, na mabati ya madini ya risasi yaliyoezekwa juu yakabanduliwa. Mvua ikamaliza kazi.

Ila mnapita tu pale bila kujua nani alifia humo! Prince Arthur, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, tarehe 2 Aprili 1502, kijana wa miaka 15. Ndoa yake na Catherine wa Aragon haikuwa imetimiza hata miezi 5. Mdogo wake akarithi kiti, akamrithi na mjane: ndiye Henry VIII. Alipotaka kumwacha huyo mjane, Papa akakataa, Uingereza ikajitenga na Roma. Mzizi wa yote hayo ni kitanda cha mgonjwa pale Ludlow.

Wa Zamu ya Usiku
Shikamoo mwalimu, leo nimeelimika. Mimi natunza wazee vijiji vya jirani, Ludlow ndiyo gulio letu. Nilipanda mnara wa kanisa la St Laurence, ngazi 200 za kujizungusha, nyembamba. Ukikutana na anayeshuka mmoja wenu lazima ajibanze ukutani. Juu unaona mto Teme umeukumbatia mji.

Kituko kilinikuta sokoni. Nimezoea Kariakoo, nikamwambia mama muuza jibini, “Nipunguzie kidogo basi.” Akanitazama kwa muda. Akakata kipande kikubwa, akanipa nionje, bei ikabaki palepale.

Mzee wa Stesheni
😂 Ukanunua?

Wa Zamu ya Usiku
Nusu kilo, mkuu. Ningefanyaje na mdomo umejaa?