Je, antioksidanti katika chakula huongeza umri wa wadudu?

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma taarifa zinazodai kwamba inzi wa matunda waliolishwa antioksidanti (kemikali zinazozuia madhara ya oksijeni mwilini) kama vitamini E, kurkumini ya manjano au resveratroli ya zabibu huishi muda mrefu kuliko wenzao, na nyingine zinazosema hakuna tofauti yoyote. Ikiwa kuzeeka hutokana na madhara ya radikali huru (molekuli zisizo tulivu zinazoharibu sehemu za seli), kama alivyopendekeza mwanasayansi Denham Harman mwaka 1956, kwa nini matokeo yanapingana kiasi hiki?

Mchangiaji wa kwanza:
Kabla ya kuigusa nadharia, ulizia kwanza inzi hao walikula kiasi gani. Chakula cha maabara huwa ni uji mzito wa hamira, sukari na agari (kigandishi cha mwani). Ukichanganya kitu humo ladha hubadilika, na inzi asipoipenda hula kidogo. Kula kidogo, hasa kupunguziwa hamira ambayo ndiyo chanzo chake cha protini, mara nyingi hurefusha maisha ya inzi na kupunguza mayai ya jike. Kwa hiyo mtafiti asiyepima ulaji, ama kwa kutia rangi katika chakula au kwa kuwalisha kwa mirija myembamba yenye vipimo, anaweza kuipa antioksidanti sifa ambayo ni ya njaa. Binafsi, jaribio lisilohesabu hata mayai nalitilia shaka.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana nawe, ila ulaji haumalizi swali. Mwaka 1994 watafiti Orr na Sohal walieleza kwamba inzi walioongezewa jeni za vimeng'enya viwili vya kukabiliana na oksijeni haribifu waliishi hadi theluthi moja zaidi; Orr na wenzake walipotumia inzi wa ukoo wenye maisha marefu, mwaka 2003, faida hiyo haikuonekana. Hapo hapakuwa na suala la ladha. Inaelekea kinga ya ziada humfaa zaidi inzi aliye dhaifu tangu mwanzo.

Muulizaji:
Shukrani. Na nyuki je? Malkia huishi miaka, ilhali kibarua wa kiangazi huishi wiki chache tu.

Mchangiaji wa pili:
Wote wawili hutoka katika mayai ya aina moja, na chakula cha utotoni ndicho huwatenganisha, lakini si kwa sababu malkia hulishwa antioksidanti zaidi. Maziwa ya nyuki, yaani chakula kinachotolewa na vibarua, humwelekeza kwenye ukuaji mwingine, na mwili wake hutengeneza kwa wingi vitelojenini, protini ya kiini cha yai ambayo pia huwakinga nyuki dhidi ya madhara ya oksijeni.